Chungwa la Bibi na Gari Lililoinama

Kwa heshima na taadhima, mimi, mtaalamu wa magari-nyumba, mshauri wa safari ndefu na mwalimu wa umma, nawaletea somo hili. Utaalamu wangu niliuanza likizo iliyopita, siku ya Jumanne, baada ya chai. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa bweni, na ujuzi wangu mkubwa ulikuwa kuvaa soksi za mwenzangu bila yeye kujua. Lakini kila mtaalamu alianzia mahali.

Gari-nyumba ni gari ambalo nyuma ya kiti cha dereva pana nyumba. Mna kitanda, jiko la gesi, sinki, friji ndogo na makabati. Baba alilipata kwa mteja wake mmoja, akaliegesha uani kwetu, chini ya dirisha la jikoni. Alilinunua kwa sababu moja tu, nayo ni Bibi.

Bibi, mama yake Baba, ana nyonga mbovu. Akikaa kitako kwa muda mrefu, nyonga humwaka moto, na daktari alimwambia kila baada ya muda alale chali, anyooke. Basi la abiria haliwezi kumpa kitanda. Mdogo wake anaishi mbali, na yeye miguu imechoka. Miaka mingi walikuwa wakizungumza kwa simu tu, kila mmoja akimsubiri mwenzake apone kwanza. Sasa Baba alikuwa amefunga duka lake la kunyolea kwa wiki nzima ili ampeleke.

Bibi alitoa sharti. Alisema akibingirika kutoka kitandani mara moja tu, nyonga itakuwa imekwisha, na yeye hafi kwa ajili ya kuona mandhari. Kwa hiyo angefanya jaribio. Angeweka chungwa katikati ya sakafu ya gari, kisha angelala usingizi wa mchana. Chungwa likitulia, tungesafiri. Likibingirika, angerudi chumbani kwake na habari ya safari isitajwe tena.

Siku ya jaribio la kwanza, chungwa halikungoja hata Bibi alale. Lilikimbia hadi chini ya kiti cha dereva. Bibi naye aliteleza kitandani hadi akabanwa ukutani kama barua kwenye bahasha.

Hapa lazima niwaeleze Baba ni kinyozi wa namna gani. Akikosea upande mmoja wa nywele, hapunguzi upande wa pili. Humshika mteja kichwa, akakiinamisha kidogo, kisha akamwonyesha kioo. Mteja huona nywele zimelingana, akaenda zake kwa furaha. Shingo humnyooka akishafika nyumbani.

Ndivyo alivyolitengeneza gari. Kitanda kimeinama? Alikunja blanketi, akalisukuma chini ya godoro. Sufuria inamwaga mchuzi upande mmoja? Aliweka kipande cha boksi chini yake. Maji ya sinki hayaondoki? Alituambia tuyasukume kwa mkono. Friji haipozi na maziwa yameganda? Alisema tuyanywe haraka. Mama, ambaye ni fundi cherehani na hapendi kitu kilichopinda, alimuuliza kama na sisi atatuwekea maboksi chini ya kiatu kimoja. Baba alijibu kwamba hilo ni wazo zuri.

Mwishowe aligundua miguu ya chuma kwenye pembe za gari, ile inayoshushwa kwa kuzungushwa mpini. Alizungusha mguu wa upande wa chini ili kuliinua gari zima. Mguu ulizama ardhini taratibu kama kijiko kwenye asali. Kisha gari likalia kwa sauti ya bati linalopasuka, na sauti hiyo ikamleta Mama Tela.

Mama Tela ni jirani yetu. Aliendesha malori yenye tela kwa miaka mingi, na sasa anayatengeneza uani kwake. Hujisifu kabla hujamuuliza, na ukimuuliza huanza upya. Alisimama mikono kiunoni, akaangalia mguu wa chuma uliokuwa nusu ardhini.

"Kinyozi," alisema, "hapo unanyoa au unaegesha?"

Baba alimweleza kwamba analisawazisha gari.

"Hujalisawazisha. Umesawazisha vitu vilivyomo, kimoja kimoja. Gari lenyewe bado linakucheka. Toa mablanketi yote, toa maboksi, tuanze na magurudumu."

Kwanza aliurudisha mguu wa chuma juu. Alieleza kwamba miguu ile si jeki. Kazi yake ni kuzuia gari lisitikisike mtu anapotembea ndani. Ukiitumia kuinua gari itapinda, au itapindisha fremu, na hapo mlango hautafunga tena. Kisha alitutembeza uani mzima kutafuta mahali pagumu na penye mteremko mdogo zaidi. Alisema kazi ya kusawazisha huanza kwa macho, kabla dereva hajazima injini. Tulihama kutoka chini ya dirisha la jikoni, ambako maji ya sinki la nyumba yalikuwa yamelainisha udongo, tukaenda kando ya ukuta.

Halafu alitoa pimamaji, kile kijiti cha mafundi ujenzi chenye kipovu ndani. Alikilaza sakafuni kwa urefu wa gari, kisha kwa upana. Kipovu kilikimbilia kulia. Kwa kuwa kipovu hukimbilia upande wa juu, upande wa kushoto ndio uliokuwa chini. Alitutaka tulete mbao nene, pana kuliko tairi, akazipanga mbele ya magurudumu ya kushoto. Baba alipanda usukani. Mama Tela alisimama kando, mahali ambapo Baba alimwona kwenye kioo, na akakataza mtu yeyote kusimama mbele au nyuma. Baba aliendesha polepole mpaka magurudumu yakakaa katikati ya mbao.

Kabla ya kumruhusu ateremke, Mama Tela alimtaka avute breki ya mkono na kuliacha gari kwenye gia. Kisha mimi nikapewa heshima ya kusukumiza kabari za mbao kwenye magurudumu, mbele na nyuma. Mwisho kabisa ndipo tuliposhusha ile miguu ya chuma, kila mmoja juu ya kipande cha ubao usizame, ikagusa na kukaza kidogo tu.

Kipovu kilikaa katikati. Maji ya sinki yalishuka kwa mlio wa kuridhika. Hata friji, baada ya muda, ilianza kupoza. Mama Tela alieleza kwamba friji kama ile ya gesi haina mota ya kusukuma dawa yake ya kupozea. Dawa hupita kwenye vibomba kwa kushuka yenyewe, na gari likiinama hukwama njiani. Baba aliitazama friji kama mtu anayetaka kuiomba radhi.

Ndipo Bibi akapanda kwa jaribio la pili. Aliliweka chungwa katikati ya sakafu, akalala chali, akafumba macho. Mama Tela, Baba na Mama walisimama wakichungulia dirishani. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango, mtulivu, nikitafakari mambo ya elimu.

Chungwa lilitulia. Kisha likatikisika. Kisha likaanza kubingirika lenyewe, polepole, kuelekea mlangoni.

Baba alishika kichwa, na safari hii kilikuwa chake. Mama Tela aliingia na pimamaji, akalilaza kwa urefu, akalilaza kwa upana. Kipovu kilikuwa katikati. Alimimina maji kwenye sinia, na maji yakalingana pande zote. Alisema ameendesha magari yaliyobeba saruji, ng'ombe na vioo, lakini chungwa kichaa hajawahi kuliona. Baba aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alianza kumkunjia Bibi shuka lake amrudishe chumbani, na nikaona mikono yake haikuwa na haraka kama siku zote.

Bibi aliinuka. Aliomba apewe chungwa lake. Alilitazama, akaangalia mlango, akalimenya, akalila kipande kwa kipande, maganda akayafumbata mkononi.

"Kipimo nimekila," alisema. "Kesho tunasafiri."

Hakuna aliyeelewa kilichombadilisha. Mimi binafsi naamini ni utulivu wangu pale mlangoni.

Asubuhi Mama Tela alikuja kabla hatujawasha injini. Alipima upepo wa matairi wakati bado yamepoa, kwa sababu tairi lililotembea hupasha upepo joto na kudanganya kipimo. Alipitisha kidole pembeni mwa kila tairi akitafuta nyufa. Gari-nyumba hukaa sana bila kutembea, alisema, na tairi lake huzeeka likiwa bado na meno. Alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Kama povu lingetoa mapovu mapya, gesi ingekuwa inavuja. Halikutoa. Kisha akafunga mtungi wenyewe, na kumwapisha Baba kwamba utabaki umefungwa gari likiwa barabarani.

Mama naye alinaswa. Alikuwa ameificha cherehani yake katika kabati la juu, asije akakosa kazi huko tuendako. Mama Tela aliishusha mwenyewe.

"Breki moja tu, shoga yangu, na cherehani hii itashuka kumsalimia mumeo kisogoni."

Vitu vizito vilikaa chini, karibu na magurudumu, na vyepesi vikapanda juu. Juu ya usukani Baba alibandika karatasi yenye urefu wa gari kwenda juu, asije akasahau ana nyumba mgongoni akapita chini ya daraja fupi. Kisha tulilizunguka gari. Miguu imepanda, kabari zimetolewa, madirisha yamefungwa, kila kabati limekazwa. Tukaondoka.

Njiani, kila tuliposimama Bibi anyooke, Baba alishuka na pimamaji kama daktari na kipimo chake cha moyo. Hatukuingiza blanketi chini ya godoro hata mara moja. Bibi hakubingirika. Tulipofika, mdogo wake alipandishwa ndani kwa kusaidiwa, akalala kando ya dada yake kwenye kitanda kile. Walizungumza mpaka chakula kikapoa, wakacheka, wakalia kidogo, wakaanza upya. Uwanja ule ulikuwa na mteremko mbaya, lakini sinia la chai lililokuwa baina yao halikumwaga tone.

Baba amerudi kazini. Siku hizi akikosea upande mmoja, hupunguza na wa pili. Mteja mmoja amebakiwa na nywele chache sana, lakini zimelingana.

Hapo somo langu lilikuwa limekwisha, na nilikuwa nimeliwekea sahihi. Tatizo ni kwamba Bibi anajifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na mimi nilimwandikia hadithi hii aisome huko. Jana aliketi kibarazani, akaipitia kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika kwenye jaribio la pili, kidole kilisimama.

"Li-ka-a-nza ku-bi-ngi... likaanza kubingirika le-nye-we." Aliniangalia. "Lenyewe, mume wangu?"

Nilisema sayansi ina mambo mengi ambayo bado haijayaeleza. Bibi alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake. Mlikuwa na uzi mrefu wa bluu, ule ambao Mama hushonea sare za shule.

"Huu ulikuwa ndani ya chungwa langu. Ncha ya pili ilikuwa kwenye kidole chako cha mguu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ningesema, baba yako angekuacha nyumbani. Na mimi nilitaka mtu wa kunisikiliza nikisoma vibao vya barabarani." Alinirudishia karatasi. "Lakini nusura unikoseshe mdogo wangu kwa kicheko cha dakika moja. Mzee wako alikuwa akinikunjia shuka. Uliona?"

Niliona. Nilikuwa nimeliweka lile neno "lenyewe" ili nisiendelee kuona.

Nikachukua kalamu nilifute. Bibi akanizuia. Alisema liache, ili watu wajue mtaalamu wao ni nani, ila niandike ukweli chini yake kwa herufi kubwa, asipate taabu ya kuusoma mbele ya darasa.

NILIVUTA UZI. BIBI, NISAMEHE.