Karibu ya Saba

Siku ya tatu ya kupiga picha, jua likiwa limeshaanza kushuka kuelekea milima ya Kongo, Nasra alitoka mbio kwenda kutafuta mafuta ya taa. Alizunguka Ujiji nzima! Duka la kwanza hawana. La pili walimcheka, wakamuuliza kama kwao umeme umekatwa. La tatu alipewa robo chupa iliyojaa vumbi, yenye harufu ya kukaa sana. Alirudi akitweta, hasira zimempanda mpaka utosini, akausukuma mlango wa shangazi yake na kuingia moja kwa moja mpaka ukumbini.

"Hodi huna?" Bi Mwasiti alimuuliza kutoka kwenye mkeka wake.

"Shikamoo shangazi. Nina haraka, mwanga unaniishia."

"Marahaba. Juzi ulikuwa na haraka, jana haraka, na leo haraka."

Nasra alianza kufungua chupa ya mafuta. Filamu yake ya kutisha, kazi ya miaka miwili, ilikuwa inaning'inia kwa sababu ya dakika mbili tu. Wachaguzi wa tamasha kule Dar es Salaam walimrudishia na maneno machache: mwanzo hautishi, jini ameonekana mapema mno. Na kweli. Kwenye ule mwanzo wa kwanza, Nasra alimviringisha mpiga picha wake, Luqman, kwenye shuka jeupe na kumwambia aruke kutoka jikoni. Mama yake Luqman alipoonyeshwa alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa wachaguzi walikuwa wamempa mpaka Jumamosi saa sita mchana awe ametuma mwanzo mwingine, la sivyo filamu inatoka kwenye orodha. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Basi safari hii alijifunza. Jini haonekani. Mwanamke ameketi kwenye kigoda anachambua dagaa kwenye ungo, amekaa upande wa kushoto kabisa wa picha. Sehemu yote iliyobaki ni kigoda kingine kitupu, mlango ulio wazi, pazia, na nje inayoanza kuingia giza. Kamera iko chini, karibu na sakafu, na haisogei hata nukta. Muziki hakuna. Mwanamke ameupa mlango mgongo, kwa hiyo mtazamaji ndiye analazimika kuulinda mlango kwa niaba yake. Inasikika hodi. Mwanamke, bila kugeuka, anasema karibu. Pazia linatikisika...

Hakuna anayeingia.

Kata.

Kwenye karatasi ilikuwa inasisimua mwili. Ukumbini ilikuwa balaa. Mwanga alioutaka Nasra, ule wa magharibi unaokuja na kuondoka, ulikaa dakika ishirini tu kabla ya adhana, na baada ya hapo Luqman alifunga kamera akaenda msikitini. Jumatano walirudia mara tatu, kila mara wakifika kwenye karibu. Mara ya kwanza mbuzi wa jirani, mara ya pili pikipiki, mara ya tatu Dorotea mwenyewe, mwigizaji wao, mwalimu wa shule huko Mwandiga, aliangua kicheko kwa sababu hodi ya Luqman ilikuwa na kikohozi ndani yake. Nasra akaamua hodi itarekodiwa baadaye, peke yake, na kubandikwa. Yeye angeinua mkono tu, na Dorotea angejibu. Alhamisi wakarudia tena mara tatu, mkono juu, "Karibu," mkono juu, "Karibu," na kila mara kitu kikaharibika. Usiku ule Nasra alilia kwa uchungu, peke yake, chumbani kwake, mtaa wa Mwanga.

Sasa alikuwa anamimina mafuta kwenye taa ya chemli, na shangazi yake bado ana maneno.

"Nasra. Kaa kidogo."

"Shangazi, nakuomba."

"Nimehesabu. Mmesema karibu mara sita ndani ya nyumba hii. Na hakuna mgeni aliyebisha." Bi Mwasiti alishusha sauti. "Mnamkaribisha nani?"

"Hakuna mtu, shangazi. Ni uigizaji."

"Jana nimelala na watu."

Luqman, aliyekuwa anafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, aliacha kukaza skrubu.

"Walikohoa huko ukumbini," Bi Mwasiti aliendelea. "Taratibu, kistaarabu, kama wageni waliochoka kusubiri kahawa. Nyumba hii mimi nimezaliwa humu. Mgeni akikaribishwa, akitaka kuondoka husindikizwa mpaka nje ya kizingiti. Hata mkusanya kodi tulimsindikiza. Hao wenu mmewakaribisha, mkasema kata, mkaenda zenu. Nani amewatoa?"

Dorotea aliuweka ungo magotini. "Mawe!" alinong'ona, akimwita mama yake kwa Kiha chake. "Bi Mwasiti, usiniambie hivyo, mwenzio nina roho nyepesi."

"Basi mimi naomba kitu kimoja tu," shangazi alisema. "Leo karibu ikishasemwa, usikatishe. Dorotea, mwanangu huyu, ainuke, aende mlangoni, aseme haya wageni tuwasindikize, atoke nao mpaka nje, arudi. Ni mimi ninayelala humu, Nasra. Siyo ninyi."

Nasra alihisi kichwa kinagonga. Siku tatu! Siku tatu anapigana na mbuzi na pikipiki, na sasa anafundishwa namna ya kumaliza tukio lake.

"Shangazi, ukimwonyesha mtazamaji mgeni ametoka, hofu nayo imetoka. Ataegemea kiti, ataanza kula bisi. Lazima tukate mgeni akiwa bado ndani. Lazima mtazamaji aondoke na swali hilo mpaka kwake."

"Kwake," Bi Mwasiti alisema. "Na mimi kwangu?"

Mwanga ulikuwa umefika. Ukumbi ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na harufu ya mafuta ya taa imechanganyika na ya dagaa. Nasra alimwonyesha shangazi yake mlango wa chumbani, kidole mdomoni, na mama wa watu akanyanyuka akaingia.

Luqman akawasha kamera. Kinasa sauti kilikuwa chini ya kigoda, kimefunikwa khanga. Nasra alijibana nyuma ya kabati. Kazi zake zilikuwa mbili: kuinua mkono, halafu kuvuta mshipi mwembamba wa kuvulia uliofungwa kwenye pazia.

Dagaa zilichakarishwa. Kimya. Zikachakarishwa tena.

Mbuzi hakulia. Pikipiki haikupita. Nasra akaanza kuinua mkono...

"Hodi."

Mkono wake ulikuwa bado haujafika hata begani.

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye adabu zake, na ilitoka nje ya pazia. Dorotea hakugeuka. Bega lake moja lilipanda kidogo, kitu ambacho Nasra alimwomba siku tatu nzima bila kukipata.

"Ka... karibu."

Pazia likatikisika. Likasogea. Likarudi mahali pake polepole. Harufu ya udongo wenye maji ikapita ukumbini, na kigoda cha pili, kile kitupu, kikatoa mlio.

"Kata!" Nasra aliruka. "Tumepata! Jamani tumepata!"

Akamkumbatia Dorotea, ambaye mikono yake ilikuwa ya baridi. "Luqman, hodi yako leo ilikuwa yenyewe."

"Yangu?" Luqman alisema. "Mimi nilidhani umemweka mtu nje."

Wakatazamana. Luqman alitoka barazani, akaangalia kushoto na kulia, akarudi. Hakuna mtu.

"Mpita njia," Nasra alisema haraka. Hakutaka kusikia kingine. Alikuwa amepata tukio lake, na asingekubali mtu yeyote amnyang'anye. Alipotaka kujifuta uso ndipo alipogundua mshipi wa pazia bado umeviringishwa kwenye kidole chake, umelegea. Hakuwa ameuvuta. Aliufungua kutoka kwenye pazia, akaukunja, akautia mfukoni.

Adhana ikaanza. Walifungasha upesi upesi. Mlangoni Bi Mwasiti alimshika Nasra mkono.

"Ya saba hiyo. Wasindikize, mwanangu. Ni hatua nne tu."

"Shangazi, kesho nitakuja kuwasindikiza wote, na maandazi nitawaletea," Nasra alisema akicheka, akatoka.

Asubuhi, kwenye kompyuta, picha ilikuwa nzuri mpaka alijishika mdomo. Lakini ilikuwa bubu. Alimpigia Luqman.

"Kinasa sauti kiko wapi?"

"Nasra... nilikisahau chini ya kigoda."

Alimtukana kwa yote anayoyajua, akakata simu, akapanda bajaji. Bila hodi ile na ile karibu iliyokwama kooni, alikuwa na picha ya mwanamke anayechambua dagaa, basi.

Bi Mwasiti alikuwa barazani, kwenye jua, na khanga zilezile za jana.

"Shikamoo. Umeamkaje, shangazi?"

"Sijalala."

"Mbona uko nje?"

"Ndani kumejaa."

Nasra alitaka kucheka, kicheko kikamkatalia. Macho ya shangazi yake yalikuwa mekundu, na alikuwa amelikalia begi dogo la nguo. Mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ile alikuwa ametolewa ndani yake, na Nasra alijua nani amemtoa. Aliona aibu, halafu hasira, halafu aibu tena.

"Naingia kuchukua kitu changu," alisema. "Halafu nitawasindikiza. Nakuapia."

"Bisha hodi kwanza. Leo ni kwao."

Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, Nasra alisimama nje ya kizingiti kama mtu aliyefunzwa adabu. Alivua kandambili moja. Harufu ya udongo wenye maji ilimjia usoni.

"Hodi."

Alimtazama shangazi yake. Midomo ya Bi Mwasiti ilikuwa imefungwa.

Ndani, mtu alikohoa taratibu.

"Karibu," wakajibu.

Hakuwa mmoja. Walijibu kwa kupokezana, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa na ile sauti ya chini ya jana.

Bi Mwasiti alimshika pindo la gauni. "Mwanangu," alinong'ona, "ukishaingia wewe, nani atakusindikiza utoke?"

Nasra alitazama simu. Saa tano na nusu.

Akavua kandambili ya pili.