Shingo ya Meneja

Supamaketi ile ilikuwa imeolewa mara tatu, na kila mume, yaani kampuni iliyoinunua, alikuja na rangi yake. Wa kwanza kijani, wa pili nyekundu. Wa tatu, mwenye buluu, hata fungate hajamaliza, vibarua wake wakabomoa ukuta nyuma ya rafu za soda, wakifuata bomba linalovuja. Meneja alikuwa amewakataza kuugusa, ila asubuhi hiyo alichelewa. Saa tatu walikutana na mlango wa chuma: chumba cha baridi cha zamani. Ndani, mifupa iliyovaa sare ya mlinzi. Upande wa ndani mlango haukuwa na mpini. Ulikuwa na mikwaruzo, kutoka usawa wa kifua hadi sakafuni.

Keshia aliitambua kofia. "Ya baba," alisema. Miaka kumi mtaa ulimwimbia kwamba baba yake katoroka na mwanamke.

Inspekta, mama mnene waliyemwita Kicheko, leo hakucheka. Aliagiza aletwe fundi aliyejenga ukuta.

"Ulizibia nini humu?"

"Afande, ni miaka kumi sasa. Nilikuta boriti ya korido imeshang'olewa, vumbi tupu. Bosi mmoja mrefu, kafunga kitambaa usoni, akasema ziba. Nikaziba."

"Bila kuchungulia?"

"Mama, mie nalipwa kuziba, silipwi kuchungulia!" Alicheka peke yake.

Meneja akaingia, mrefu kama ngazi. Katikati ya korido ya kuja chumbani akainamisha kichwa ghafla, akaendelea.

"Umeona popo, bwana?"

"Shingo tu, afande. Mto mbaya. Mie mgeni hapa, nina wiki mbili."

Keshia alimvuta inspekta pembeni. "Pale ndipo palikuwa na boriti, mama. Warefu wote waliinama. Baba akinibeba mabegani aliniambia, 'Kichwa, binti!'"

Kicheko alihisi baridi, ingawa mashine ilikufa zamani. Aliingia chumbani peke yake, akamwita meneja. Hatua zikaja, zikafika pale, kichwa kikainama tena. Mkono ukashika mlango.

"Boriti iliondoka miaka kumi nyuma," alisema Kicheko. "Mgeni, shingo yako imeijuaje?"

Mlango ukalia, ukaanza kufungwa kwa nje. Giza lilikuwa limemfika Kicheko begani, fundi alipotupia buti lake katikati.

"Safari hii sizibi!"

Polisi walimbana meneja ukutani.

"Nilikuwa mtunza stoo wa wale wa kijani," alisema hatimaye. "Wakati wa makabidhiano mlinzi alinikuta napakia mali. Nilimfungia nimtishe tu. Aligonga mno. Nikaongeza muziki wa duka, wateja wasisikie."

"Na ukarudi?"

"Wa buluu wanapenda kubomoa, afande. Nani mwingine angeulinda ukuta?"

Keshia hakumtazama. Alitoka kupitia korido, pana, dari iko juu kabisa. Alipofika pale akainama, kama aliye mabegani mwa mtu.