Mayi ya Saa Sita

"Mayi ifike soko ya Mutoshi saa sita. Muimwange."

Maneno hayo yalinaswa alfajiri, yakitoka kwenye simu ya mgeni mwenye kampuni ya migodi. Wakubwa wa ujasusi Kinshasa walitabasamu. Kampuni inawapelekea raia maji!

Kampuni hiyo hiyo iliyochoma vibanda vya wachimbaji mara mbili. Watu wa Mutoshi wanazikumbuka tarehe zote mbili.

Fidélie Nkulu hakutabasamu. Kabla ya ujasusi aliendesha lori miaka sita. Alijua madereva wa Kolwezi huiitaje asidi.

Mayi.

Hakuna aliyemwamini. Basi dereva wa zamu wa lori la asidi akaugua ghafla. Fidélie alikuwa amemsaidia kuugua.

Saa sita kasoro kumi. Lori jekundu la HOWO, Fidélie usukanini, tani thelathini za asidi mgongoni, bastola ya Beretta chini ya kiti. Kando yake Mulumba, msaidizi wa lori, redio ya Motorola mkononi, ndala miguuni.

"Mama, ongeza mbiyo."

"Acide haina mbiyo, tata."

"Weye ni dereva ao mama wa kanisa?"

"Mama wa kanisa angekuombea."

Mteremko ukafunguka. Chini, soko: unga, samaki wa chumvi wa makayabu, watoto mgongoni. Watu mia tatu. Asidi ingeteremka pale, wangehama milele, na shaba iliyo chini yao ingebaki bila mwenyewe.

"Simama apa," Mulumba alisema. "Pneu iko natoboka."

Tairi zilikuwa nzima. Fidélie alisimama.

Kwenye kioo alimwona akizunguka nyuma, akiinama kwenye bomba la kutolea asidi. Hakumzuia. Alimtaka aliyemtuma.

Mulumba alifungua valvu.

Lori la asidi lina valvu mbili. Ya ndani Fidélie aliifunga mwenyewe kiwandani, akang'oa mpini wake. Dereva yeyote angeikagua kwanza. Mulumba hakuwa mtu wa asidi. Alikuwa mtu wa kutumwa.

Kilichotoka ni masalio ya bombani. Lita mbili.

Zote juu ya ndala.

Mayowe yalikuwa marefu. Fidélie alishuka na madumu ya maji, akafunga valvu, akaumwagilia mguu ule mfululizo, dumu baada ya dumu. Haukuwa tena mguu wa kutazama. Alimfunga mikono, akaendelea kumwaga.

Redio ikakwaruza. Ezéchiel, mkuu wa ulinzi wa kampuni.

"Mulumba. Imemwangika?"

Fidélie akabonyeza. "Ni mi dereva, patron. Mulumba ameungua. Batu banakimbia."

"Bote?"

"Kuya uone."

Land Cruiser nyeupe ilifika baada ya dakika nane. Ezéchiel alishusha kioo, simu tayari inapiga picha.

Soko lilikuwa likiuza unga.

Beretta iligusa sikio lake.

"Simu, tata. Taratibu. Namba ya mgeni wako iko humo?"

Ezéchiel akamkabidhi simu. Ilikuwamo.

"Unajua mi nafanyia nani kazi?"

"Ndiyo. Sasa utamwambia na hakimu."

Pikipiki ya mhudumu wa zahanati ilimchukua Mulumba. Fidélie alimfunga Ezéchiel pingu kwenye kiti cha msaidizi, akashusha lorini gunia zima la chokaa ya kuua asidi, akalimwaga juu ya udongo uliokuwa ukitoa moshi, akasubiri mpaka ukatulia.

Mwanamke mmoja wa makayabu akapanda kilima, mikono kiunoni.

"Mama dereva, camion yako inanifungia baclient."

"Nisamehe, mama."

Akatia gia ya kwanza, lori likawapisha wateja.