Kiraka cha Uzi wa Kijani

Siku Lidwina Komba alipokutana na Aidan Ndunguru, Soko Kuu la Songea lilikuwa matope matupu. Mvua ya Machi ilikuwa imekatika dakika tano tu zilizopita, na wauza mboga walikuwa wakikung'uta maji kwenye maturubai yao bila kuangalia nani anapita chini. Aidan aliruka pembeni kuyakwepa. Zipu ya begi lake ikaachia palepale, na madaftari ya kidato cha pili yakamwagika mbele ya cherehani ya Lidwina.

"Umeleta kazi au umeleta takataka?" Lidwina aliuliza bila kuinuka.

"Nimeleta jiografia, fundi. Nisaidie kabla haijalowa yote."

Lidwina alishona mabegi, maturubai, mahema na kila kitu kigumu ambacho mafundi wa magauni hawakitaki. Alikuwa na miaka ishirini na saba, sweta la zambarau, kitenge kilichofungwa juu ya suruali, na futi ya kupimia shingoni. Kila alipomaliza mshono alimalizia kwa msalaba mdogo wa uzi, tabia aliyoachiwa na mtawa aliyemfunza kushona. Wateja wengi hawakuwahi kuuona.

Zipu ilimchukua dakika kumi. Aidan alikaa saa nzima. Kesho yake akarudi na begi lilelile.

"Leo lina nini?"

"Halina kitu. Limetaka kukuona."

"Begi lina maneno matamu kuliko mwenyewe."

"Mwenyewe ana aibu. Mpe muda."

Angejua, angelitaja neno lingine. Aibu ndiyo iliyokuja kuwaharibia.

Mapenzi yao yalikua kwa simu za jioni, Aidan akiwa nyumba ya walimu, Lidwina kwao Ruhuwiko akimenya viazi na simu imebanwa begani.

"Umekula, Lidi?"

"Nitakula na nini wakati umenishika simu?"

"Nikuache?"

"Nimesema uniache?"

Aidan alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na hakuchoka kulisifia. Kulikuwa na kisiwa kimoja, alisema, mwendo wa saa nzima kwa boti ya injini, hakiishi mtu, hakina choo wala bomba wala mtandao, isipokuwa ukipanda jiwe kubwa la kaskazini.

"Sasa huko mimi nifuate nini?" Lidwina alimchokoza.

"Unifuate mimi."

"Nashona mahema ya watu, sijalala hata kwenye moja."

"Nitakununulia lako. Jipya, kutoka Dar."

Alisema kwa furaha, na kama wanaume wengi wenye furaha, hakuwa ameuliza bei. Alipouliza, alinyamaza wiki nzima. Mwisho akalinunua kwa bei ya chini hema kuukuu la mwalimu mwenzake, Abuu, akalifua kwa sabuni ya unga, akalianika nyuma ya nyumba, akalitia kwenye mfuko mpya unaonukia duka. Hakuona kiraka kilichokuwa kwenye paa kwa ndani. Kilishonwa na mkono uleule alioupenda, mwaka uliopita, panya walipolitoboa hema hilo na Sharifa, mke wa Abuu, akalipeleka sokoni. Lidwina siku hiyo aliishiwa uzi mweusi akatumia wa kijani. Sharifa alikuwa mcheshi. "Shona vizuri, fundi," alisema, "mwalimu wangu ananipeleka nalo ziwani." Jina la mwalimu hakulitaja, na Lidwina hakuwa na sababu ya kuuliza.

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, walisafiri: Aidan, Lidwina, na mdogo wake Devota, ambaye baba yao, Mzee Egidi, alimtuma waziwazi kuwa macho yake. Mahema yalikuwa mawili. La wasichana lilikuwa "jipya." Mwenye boti aliwashusha Ijumaa mchana, akaahidi kuwafuata Jumapili, akaondoka.

Kisiwa kilikuwa miamba, miti michache, na maji yaliyoonyesha samaki wa buluu mpaka chini. Walipigilia vigingi kwa jiwe, wakachimba choo nyuma ya kichaka, wakainjika ugali kwenye mafiga matatu. Devota alilalamika kuhusu kila kitu na akala kuliko wote. Jua lilipozama, Aidan alimvuta Lidwina pembeni.

"Kesho saa nne, baba mkubwa wangu, Mzee Fransisko, anabisha hodi kwenu na barua ya posa. Ukirudi Jumapili utaikuta mezani."

Lidwina alicheka, akalia, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Alikuwa anampenda mwanamume huyu kwa moyo wote, na kwa mara ya kwanza hakuona sababu ya kuficha.

Asubuhi jua lilipopiga hema, akafumbua macho na kukiona kiraka. Uzi wa kijani. Mwishoni, msalaba wake mdogo.

Alilala hivyohivyo muda mrefu, Devota akikoroma ubavuni. *Mwalimu wangu ananipeleka nalo ziwani.* Walimu wangapi wa Songea wana hema, na wangapi wanapeleka wanawake ziwani?

Kwenye chai aliuliza taratibu. "Aidan, hema letu ulinunua wapi?"

"Si nilikwambia? Dar."

"Dukani?"

"Dukani, mama. Wewe ndiye wa kwanza kulala humo." Alisema akikoroga chai, bila kumtazama.

Angemwambia tu: nimeona kiraka changu. Maneno matatu, na leo wangekuwa na watoto. Lakini Lidwina alishauliza mara mbili, na mara mbili macho ya mwanamume yalikimbilia kwenye kikombe. Alichukua simu, akasema anakwenda kutembea, akapanda jiwe la kaskazini kwa mikono na magoti. Mtandao ulishika saa tatu na nusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona upepo hivyo? Mama yako ameshachinja kuku wawili, nyumba imefagiliwa mpaka barabarani."

"Baba, msiipokee barua."

"Unajua unachosema? Barua ikirudi haijafunguliwa, ukoo ule haurudi tena hapa."

"Najua."

"Amekufanya nini?"

"Ana mke, baba."

"Basi," mzee alisema. "Rudi salama."

Alishuka polepole, na alipofika kambini Aidan alikuwa akigeuza samaki aina ya mbasa juu ya makaa, shati limekunjwa mikono, anapiga mluzi.

"Njoo ule, Lidi."

"Sharifa naye unamchomea?"

"Sharifa gani?"

"Mwenye hema. Nililishona mimi, Aidan. Kiraka cha uzi wa kijani, na msalaba wangu mwishoni. Alisema mwalimu wake anampeleka ziwani."

Aidan aliweka kisu chini. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa na mwanamke. Ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Sharifa ni mke wa Mwalimu Abuu. Hema lilikuwa lao. Jipya lilinishinda."

"Ulisema Dar."

"Nilikuahidi jipya. Niliona aibu kukuletea la mtu."

Devota, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, ndiye aliyeelewa kwanza. "Dada, simu. Panda tena."

Walipanda wote watatu, Aidan akimvuta Lidwina mkono, magoti yakichunika. Ilikuwa saa nne na robo. Simu iliita mara sita.

"Baba, wamefika?"

"Wameshaondoka. Nimesimama mlangoni mwenyewe. Fransisko alivaa koti lake la Krismasi. Nilimwambia mbele ya majirani kijana wao ni mwongo, ana mke. Hakubishana. Alisema asante, akageuka."

Sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba Aidan alisikia kila neno. Alikaa juu ya jiwe, mgongo ameupa ziwa.

"Uliniuliza mara mbili ukiwa na jibu mkononi," alisema.

"Na mara mbili ukanidanganya."

"Kuhusu hema, Lidi. Hema tu."

"Ningejuaje kuwa ni hema tu?"

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumsamehe mwenzake siku ile. Na boti ilikuwa ya Jumapili. Siku nzima na usiku mzima walikaa kwenye kisiwa kisicho na mtu, wakipishana kuchota maji, wakisema "samahani" kila wakigongana viwiko kwenye moto. Samaki alikauka juu ya makaa.

Lidwina hakukata tamaa upesi. Alikwenda mwenyewe kijijini Mpitimbi kwa Mzee Fransisko, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Kosa ni langu."

"Marahaba. Inuka, unywe chai." Mzee alimmiminia kwa mkono wake. "Sina kinyongo na wewe, mwanangu. Lakini mimi ni mtu mzima, nimefukuzwa mlangoni mchana kweupe. Mlango ule sibishi tena, na sitamruhusu mwingine wa kwetu abishe."

Aidan aliendelea kupiga simu mpaka mwezi wa nane.

"Tufunge ndoa bila wao," Lidwina alimwambia jioni moja.

"Nani atasimama upande wangu, Lidi? Mzee yule ndiye aliyenilea. Na kila nikitaka kukwambia kitu, nawaza kwanza kama utaniamini."

Baada ya hapo simu zilipungua, zikabaki za sikukuu, zikaisha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, Lidwina alikuwa sokoni akishona turubai la lori mfuko wa nailoni ulipowekwa mezani. Hakuhitaji kuinua macho. Aliujua mkono.

"Kiraka kinavuja, fundi," Aidan alisema. Amenyoa vizuri, shati jeupe limepigwa pasi. "Unaweza kukibandua ukishone upya?"

Fundi. Lidwina alichukua wembe, akafumua uzi wa kijani, mshono mmoja mmoja, mpaka msalaba ukabaki vumbi kwenye paja lake. Akatunga uzi mweusi. Safari hii alikuwa nao wa kutosha.

"Unalipeleka wapi?"

"Kisiwani. Desemba, baada ya harusi."

Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio, kisha ukaendelea. "Amekubali kulala kwenye hema?"

"Amekubali." Aidan alitazama wauza mboga, akatazama matope, mwisho akamtazama yeye usoni, kama alivyopaswa kumtazama asubuhi ile. "Nimemwambia ni la mtumba. Nimemwambia na aliyelishona."

Lidwina aliinamia cherehani. Mshono ulifika mwisho, mahali pa msalaba. Akakata uzi hapo hapo, akalikunja hema, akamkabidhi.

"Tayari, mwalimu," alisema. "Sasa halivuji."