Shoka la Chuma cha Springi

Kila asubuhi, ukungu ulipoanza kupanda kutoka mabondeni Mbulumbulu, Clemensi alifungua kibanda cha uhunzi nyuma ya nyumba yake. Aliwasha mkaa. Mke wake, Germana, alivuta mivukuto ili hewa ichochee moto. Chuma kilipokuwa chekundu, Clemensi alikiweka juu ya fuawe, akaanza kugonga.

Kibanda kilikuwa cha marehemu baba yake, Marseli. Enzi zile watu walikuja kwa miguu hadi kutoka mashamba ya kahawa ya Oldeani kununua mashoka. Waliketi kwenye magogo wakisubiri, wakila viazi vya kuchoma na kupiga soga. Clemensi alikuwa mdogo. Alipenda kusikia chuma cha moto kikizama majini: chwaaa! Baba alicheka, akasema, "Sikia, shoka linakunywa maji."

Siku hizi chuma kilitoka kwingine. Magari ya watalii yalivunja springi zao kwenye njia mbovu, na gereji za Karatu ziliziuza kama chuma chakavu. Clemensi alizinunua, akazifua, akazizamisha majini kama alivyofanya baba yake. Mashoka yalitoka makali, yanang'aa.

Siku moja jirani yao, Modest, alikuwa akipasua kisiki cha mgrevilea. Alitaka kuni za sherehe ya kipaimara cha binti yake. Shoka la Clemensi likavunjika kwenye makali. Kipande kikaruka, kikamchana shavu, chini kidogo ya jicho.

Clemensi alikwenda kumwona. Modest alikuwa ametoka kushonwa zahanati.

"Pole sana, jirani yangu."

"Nimeshapoa," Modest alijibu. "Lakini nikuulize. Baba yangu alitumia shoka la mzee Marseli mpaka likaisha kwa kunolewa. Halikuvunjika. Hili lako lina nini?"

Clemensi alilichukua lile shoka pamoja na kipande chake, akaondoka. Aliporudi nyumbani alimwambia Germana, "Mama Lightness, nafunga kibanda. Nimeliharibu jina la baba."

"Subiri kwanza, Baba Lightness. Penina yuko likizo. Tumuulize."

Penina alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwao. Sasa alifundisha ufundi wa chuma katika chuo kimoja Arusha. Alikuja, akaligeuzageuza mkononi lile shoka lililovunjika.

"Kaka Clemensi, umefua vizuri. Umbo ni la mzee Marseli kabisa. Ulilipoza kwa kitu gani?"

"Kwa maji. Kama baba."

"Na yeye alitumia chuma gani?"

"Majembe yaliyochakaa."

"Basi ndiyo hivyo. Chuma cha majembe yale kilikuwa laini. Maji hayakukidhuru. Springi ni chuma cha aina nyingine. Ukikizamisha majini kikiwa chekundu, kinakuwa kigumu kama kioo. Na kioo unakijua."

"Kwa hiyo baba alikosea?"

"Hapana. Alikuwa sahihi kwa chuma chake."

Clemensi alishusha pumzi. Maneno hayo yaliutuliza moyo wake.

Wakaanza kazi. Walivaa miwani ya kukinga macho. Penina aliweka debe la mafuta ya kupikia nje, mbali na paa la nyasi, na mfuniko wake kando.

"Mafuta yakishika moto, funika debe. Usiyamwagie maji kamwe!"

Clemensi alipasha makali ya shoka jipya la springi mpaka yakawa mekundu, akayazamisha kwenye mafuta.

"Bado," alisema Penina. "Sasa ni gumu mno. Lazima tulilegeze kidogo."

Clemensi alisugua makali kwa jiwe mpaka yakang'aa. Kisha aliweka kisogo cha shoka kwenye makaa, makali yakabaki nje. Joto likatembea taratibu. Rangi ya majani makavu ikatokea, ikafuata kahawia, halafu zambarau.

"Zambarau imefika kwenye makali! Toa, rudisha kwenye mafuta, rangi isiendelee."

Shoka lilipopoa, walilinoa na kulitia mpini. Wote walisogea mbali. Clemensi, akiwa bado na miwani, alipiga gogo kavu lenye fundo gumu. Gogo likapasuka. Makali yalibaki mazima.

Hakuridhika na hilo peke yake. Alipita nyumba kwa nyumba, akawaomba watu wamrudishie mashoka ya springi. Yenye nyufa aliyaweka kando, akafua mengine badala yake. Yaliyobaki aliyatengeneza upya. La Modest alimpelekea mwenyewe, na kuni za kipaimara wakazipasua pamoja.

Wateja walirudi, wengine kutoka mjini Karatu. Siku moja Bibi Rozalia, mama yake Clemensi, alikuja kuota moto kibandani. Alitazama rangi zikitembea juu ya chuma.

"Unawaza nini, mama?" Clemensi aliuliza.

"Namwaza baba yako. Leo angekuwepo, angevua kofia, angekaa hapa karibu yako, akuambie, 'Mwanangu, hebu nionyeshe tena.'"