Jina la Marehemu Rostøl

Asubuhi ile Åshild alipowasha kompyuta yake aliona kwamba Profesa Halvdan Rostøl yumo ndani ya hifadhidata, anasoma makala juu ya barafu ya bahari. Rostøl walikuwa wamemzika tangu msimu wa kuchimba viazi.

Hakushtuka. Wachapishaji walipoikatia huduma maktaba ile ya utafiti ya Skarvnes, huko kaskazini kabisa, lango moja tu la kuingilia hifadhidata lilibaki wazi, lile alilopewa mzee kwa heshima ya maisha yake. Hakuna aliyetoa taarifa kwamba maisha yenyewe yamekwisha. "Angetukubalia," walikuwa wakiambiana. Basi kila asubuhi Gaute, mwenzake Åshild wa meza ya pili, aliandika jina la marehemu na neno lake la siri, akawashushia watafiti makala zao. Tusimlaumu peke yake. Wote walikula matunda, na Åshild aliyekuwa akisali kila Jumapili naye alikula.

"Gaute, leo umeingia mapema," alisema bila kugeuka.

"Niingie wapi? Ndiyo kwanza navua buti!" Gaute alikuwa mlangoni, theluji mabegani, mguu mmoja umebaki na soksi.

"Sasa nani anasoma kwa jina la Rostøl?"

"Mwenyewe, bwana. Huko aliko amechoka kuimba, amekuja kusoma kidogo."

Wakacheka. Kwenye skrini, ukurasa ukageuka.

Jua lilikuwa limeshaondoka kwa msimu, mchana wenyewe una rangi ya jeraha lililovilia damu, na taa za maktaba hazikuwahi kuzimwa. Katika mwanga huo ikaanza harufu: tumbaku ya kiko na sufu iliyolowa. Kisha sauti. Ndani ya chumba kidogo cha kusomea, kilichofungwa na kisicho na mtu, herufi zilibonyezwa kwa kidole kimoja, taratibu, tak, tak, kama alivyokuwa akichapa marehemu.

Halafu jambo hilo likamgeukia Gaute. Ijumaa, walipokusanyika kula vitumbua vyao vya kuokwa kwa chuma na jibini la kahawia, Gaute alimimina kahawa kwenye kisahani, akabana donge la sukari kwa meno, akafyonza. Ndivyo alivyokunywa mzee.

"Gaute!" Åshild aliita. Hakugeuka.

"Rostøl," akasema safari hii, kwa kunong'ona.

"Naam," akaitika.

Baadaye alimfuata Åshild kati ya rafu, macho mekundu. "Usimwambie mtu. Jana mke wangu kaniita jina, nikamtazama, nikajiuliza, anamwita nani huyu? Åshild, nakwisha. Kila nikiliandika lile jina, langu linapungua."

"Basi usiliandike tena."

"Siandiki! Mikono inaandika."

Åshild alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maktaba, Vigdis, akamwambia jina lile lifungwe. Vigdis hakuinua hata kichwa.

"Ukifunga, watafiti walioko barafuni watasoma nini? Wewe ni mtu wa kanisani, kasali. Mlango usiuguse."

Åshild akampigia simu shangazi yake Hansine, mmoja wa wale watu wa kaskazini wanaomsomea mgonjwa maneno ya Mungu, hata kwa simu, damu inayomtoka ikakatika.

"Nimemsomea huyo Gaute wenu," shangazi alisema, pumzi zimemwishia, "maneno yananirudia mdomoni. Huyo si Halvdan, mwanangu. Halvdan yuko kwa Mola wake, msimsingizie maiti. Nyie mmeliacha jina bila mtu na kila siku mnaliita. Kulikuwa na kitu kinazurura, kimeitika. Sasa kimepata jina, kinatafuta mwili."

"Kitoe, shangazi."

"Mlango mmefungua nyinyi, mtafunga nyinyi. Kikikuomba chochote usikipe. Hata salamu."

Åshild alikata simu. Aliogopa, tusiseme hakuogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu, na saa ya chakula, wenzake walipotoka, aliketi mbele ya kompyuta yake na kulitafuta jina la Rostøl ili alifute, na hapo hapo taa za rafu za mwisho zikazimika, kisha za rafu zilizofuata, giza likamjia kwa hatua kama mtu asiye na haraka, ile harufu ya kiko ikamjaa kooni mpaka akakohoa, na nyuma ya kiti chake akahisi Gaute amesimama, anapumua kwa pumzi nzito za mzee, pumzi ambazo hazikuwa na joto hata kidogo.

"Åshild, binti yangu," kinywa cha Gaute kilisema kwa sauti ya kaburi. "Mbona unanifungia nje, na huku baridi? Nitakufungulia kila kitu. Makala za dunia nzima, hata zile ambazo bado hazijaandikwa. Niandikie jina lako tu, hapo."

Kisanduku cheupe kilifunguka kwenye skrini, kitupu, mstari mdogo ukipepesa ndani yake.

"Langu lina mwenyewe," Åshild alisema. "Na la Gaute lina mwenyewe. Kwa jina la Yesu, toka, hapa huna kiti!"

Akabonyeza kufuta.

Kitu kilipiga ukelele ndani ya kuta, vitabu vikamwagika, na Gaute akaanguka kama koti lililochomolewa msumari. Åshild alipiga magoti, akamshika uso.

"Gaute! Gaute Myrvang!"

"Nini wewe, unaniita kama ng'ombe?" Akaanza kulia.

Taa zikarudi. Simu zikaanza kulia meza zote, watafiti wamefungiwa nje. Åshild aliziacha zilie. Vigdis aliingia mbio.

"Umefanya nini? Rudisha sasa hivi!"

Åshild alisogeza kiti. Jina la Rostøl halikuwepo tena, lakini kile kisanduku kitupu kilikuwa bado kinapepesa. "Kinangoja jina. Andika lako, mkuu."

Vigdis alinyoosha mkono. Herufi moja ikabonyea yenyewe, kwa adabu, kama anayekaribisha mgeni.

Akautia mkono mfukoni.

"Chomoa waya," alisema.