Kidole Kisafi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla malori hayajaanza kumiminika, mimi na mama huenda darajani. Mama ni fundi wa daraja. Yeye hugonga, mimi huweka kidole.

Daraja letu ni la zamani. Vyuma vyake vimepangwa pembetatu kwa pembetatu, kwa sababu pembetatu haipindi kirahisi. Vimeunganishwa kwenye mabamba kwa ribiti, misumari minene isiyo na nati. Daraja lilipojengwa, babu alizidaka ribiti hizo kwa kopo enzi za ujana wake, zikiwa bado nyekundu kwa moto, kabla hazijapigwa nyundo. Mama akigonga ribiti upande mmoja wa bamba, mimi hugusa kichwa cha ribiti hiyo upande wa pili. Ikitetemeka, imelegea, naye huitia alama ya chaki.

Siku hiyo nilikuwa nimenuna. Wenzangu walikuwa na mechi, na golikipa ni mimi. Basi nikatia mikono mfukoni.

"Vipi hiyo?" mama akauliza kutoka upande wa pili.

"Imara!"

"Na hii?"

"Imara!"

Nikaimba hivyo mpaka bamba likaisha. Likabaki moja tu. Mama akanishika mkono tuhamie huko, mara akasimama, akakigeuza kidole changu. Siku zote huwa chekundu kwa kutu. Leo kilikuwa safi, utadhani nimetoka kuoga.

"Umegusa ngapi?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hata moja, mama."

Aliniachia mkono kama anayetupa takataka. Akateremsha kizuizi, akafunga daraja. Honi zikalia. Dereva wa lori la nyanya akashuka akifoka, "Fundi, una wazimu? Mzigo unaniozea!"

"Muulize huyu." Mama akanisukuma mbele. "Haya, mwambie mwenyewe!"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Nilidanganya. Nilisema ribiti ni imara bila kuzigusa."

Dereva akatazama mto kule chini, kisha mkewe aliyekaa ndani ya lori na mtoto mchanga. "Ningepita hapo na hawa!" akanguruma. "Na hawa!"

Tulirudia bamba zima. Ribiti ya nane ikatetemeka chini ya kidole changu. Ya tisa pia. Ya kumi na mbili ilicheza kama jino bovu. Mama akazikata, akaweka bolti mpya, akazikaza huku akisaga meno. Mechi ikaisha bila mimi.

"Nimekukasirikia, na kesho bado nitakuwa nimekasirika," akasema akiinua kizuizi. "Hata mimi nimejikasirikia, sikukuchungulia. Lakini sikia, mwanangu. Ukichoka, sema umechoka, tutapumzika. Ukisema imara, kuna mtu atavuka na mwanawe kwa neno lako."

Lori la nyanya likapita polepole. Dereva hakutupungia mkono.

Sikungoja kuambiwa. Nilizunguka nyuma ya bamba la mwisho, nikaweka kidole kwenye ribiti ya kwanza.

"Gonga, mama."